Namna ya Kuandaa "Wind of Change" ya Scorpions kwa Bendi Ndogo Hapa Dodoma

Baladi ya roki ni wimbo wa taratibu unaopigwa na watu ambao kazi yao ya kila siku ni kelele, na uzuri wake wote unatokana na muda ambao watu hao wanakubali kuizuia nguvu waliyo nayo. Bendi inayoweza kutikisa ukumbi inakaa kimya, inaacha gitaa moja na sauti ya mtu mmoja, inamfanya msikilizaji asubiri, na inapoiachia nguvu hiyo hatimaye, msikilizaji huipokea kama haki aliyokuwa akiidai. Bendi zetu nyingi zinazopiga nyimbo hizi kwa kukopi hukosea mahali pamoja: drams zinaingia mapema, kinanda kinajaza kila upenyo, na wimbo unafika kileleni kabla haujapanda mlima.

Maelezo haya yanahusu wimbo mmoja, ambao bendi yetu ya watu watano imeupiga kwa miaka kadhaa katika mahafali na hafla za kuwaaga wastaafu hapa Dodoma. Nayaandika kwa ajili ya bendi inayomudu zilipendwa, injili na bongofleva, ila haijawahi kushika roki, nami nachukulia kwamba mna gitaa la solo, gitaa la ridhim, besi, kinanda, drams, na kwamba mmoja au wawili kati yenu wanaimba huku wakipiga.

Kuufahamu wimbo

Scorpions ni bendi ya roki nzito kutoka Hannover, Ujerumani, iliyoanzishwa mwaka 1965 na mpiga gitaa Rudolf Schenker. Mwimbaji wake, Klaus Meine, ndiye aliyetunga maneno na muziki wa wimbo huu baada ya bendi kupiga Moscow mwezi Agosti 1989, katika tamasha kubwa ambalo Bon Jovi, Mötley Crüe na Ozzy Osbourne nao walipanda jukwaani. Miezi mitatu tu baadaye, tarehe 9 Novemba 1989, ukuta wa Berlin ulifunguliwa. Wimbo ulitoka katika albamu ya Crazy World mwishoni mwa 1990, ukatolewa peke yake mwaka 1991, ukashika nafasi ya kwanza Ujerumani na ya 4 Marekani, na kabla mwaka huo haujaisha Umoja wa Kisovieti ulikuwa umesambaratika. Watu wa Ujerumani na Urusi wakausikia kama wimbo wa enzi yao, na Scorpions wenyewe wakaurekodi pia kwa Kirusi.

Naanza na historia hii kwa sababu inaamua ni wapi wimbo upigwe. Kwa wengi wetu sauti ya taratibu ya gitaa na mzungu anayeimba kwa hisia ni dalili ya wimbo wa mapenzi, na si mara moja tumeombwa tuupige wakati maharusi wanakata keki. Hauna neno lolote la mapenzi ya mume na mke. Unamzungumzia mtu anayetembea kando ya mto Moskva hadi bustani ya Gorky, usiku wa kiangazi, anawaona askari wakipita, na anahisi kwamba watu waliofundishwa kuogopana wanaweza kuwa ndugu. Kwa hiyo unafaa pale watu wanapovuka kutoka hali moja kwenda nyingine: wanafunzi wanaomaliza, mwalimu anayestaafu, mkesha wa mwaka mpya. Bwana harusi akiusisitiza, mpigieni wakati wageni wanakula, na wakati wa keki mumpigie unaostahili.

Mwimbaji asianze mazoezi kabla hajaandika, kwa penseli juu ya kila mstari wa Kiingereza, maana yake kwa Kiswahili chake mwenyewe. Mtu anayeimba sauti asizozielewa husikika mara moja, hata na msikilizaji ambaye naye hazielewi. Wala asijitese kuiga lafudhi. Klaus Meine ni Mjerumani, Kiingereza si lugha ya mama yake, na hakuwahi kulificha hilo. Atamke kwa uwazi, amalizie vizuri mwisho wa kila neno, inatosha.

Kuchagua ufunguo

Wimbo wa asili upo katika ufunguo wa C, yaani sauti zake zimejengwa juu ya C, na Meine ana sauti ya kiume ya juu sana. Mwanamume wa kawaida ataziimba beti bila shida na atakwama kwenye kiitikio, na akilazimisha atapiga kelele badala ya kuimba. Ikumbukwe kwamba Meine mwenyewe, mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati bendi ikitayarisha albamu iliyotoka mwaka 1982, alipoteza sauti kabisa na akafanyiwa upasuaji wa nyuzi za sauti kabla ya kuweza kuimba tena. Kama hilo lilimpata mtu mwenye koo la namna ile, basi mwimbaji wetu anayeimba saa sita mfululizo Jumamosi asione haya kushusha ufunguo.

Sisi tuliushusha hadi G, na nawashauri muanzie hapo, kwa sababu kodi zake, yaani mafungu ya sauti zinazopigwa pamoja, zinakaa vizuri kwenye gitaa kwa nyuzi za wazi. Utangulizi wa mluzi, ambao katika wimbo wa asili unakwenda F na Dm, kisha tena F na Dm, halafu Am, Dm, Am na G, unakuwa C, Am, C, Am, Em, Am, Em na D. Ubeti, ambao kwa asili ni C, Dm, C, Dm, Am na G, unakuwa G, Am, G, Am, Em na D. Kiitikio kinaanza kwa G, D, Am, D na kurudia mzunguko huohuo kabla ya kuteremka kupitia Em. Sehemu ya daraja inaanzia Em na kuishia kwenye kodi ya B kubwa, na hiyo B muishike vizuri akilini kwa sababu nitairudia. Mkiona G imemshusha mno mwimbaji na beti zinapotelea kifuani, mpiga ridhim afunge kapo, kile kibanio cha nyuzi, kwenye freti ya pili na kupiga maumbo yaleyale ya G, na wimbo wote utakuwa katika A. Mpiga kinanda ahamishe kwa nusu hatua mbili kwa kitufe, na mpiga besi ajifunze mahali papya kwa vidole, kwani besi haina njia ya mkato.

Mwimbaji wa kike asifungwe na hesabu hizi. Akae na mpiga kinanda, aimbe mstari wa kwanza wa kiitikio, na ufunguo upandishwe nusu hatua kwa nusu hatua hadi mahali ambapo sauti yake inang'aa bila kukazwa.

Mluzi

Hapa ndipo wimbo unapofaulu au kufa, na ndipo nitakapokaa zaidi.

Wimbo unafunguliwa kwa gitaa safi na mtu anayepiga mluzi. Ukumbi wenye watu mia tatu waliokuwa wakizungumza na kugonganisha sahani utanyamaza kwa ajili ya mluzi kuliko utakavyonyamaza kwa ajili ya spika kubwa, kwa sababu mluzi ni sauti ya mtu aliye peke yake, anayetembea usiku na hana haraka. Kinanda chenu bila shaka kina sauti iliyoandikwa kuwa ni mluzi. Msiitumie. Haina pumzi ndani yake, na wimbo huu unahitaji pumzi isikike.

Si lazima apigaye mluzi awe mwimbaji. Kwetu ni mpiga kinanda, kwa kuwa mwanzoni mikono yake haina kazi na mdomo wake ndio wenye nguvu zaidi, na mwimbaji anapata nafasi ya kutulia kabla ya ubeti. Ajifunze melodia kwa solfa kwanza, kama wanavyofanya kwaya zetu, aiimbe kwa do re mi mpaka aweze kuiandika bila kusikiliza rekodi, na baada ya hapo tu ndipo aipeleke midomoni. Anayejifunza mluzi kwa kufuata rekodi moja kwa moja hujifunza pia kuteleza kati ya sauti moja na nyingine, na utelezi huo, ambao Meine anaufanya kidogo na kwa makusudi, kwa mwanafunzi unakuwa ulevi.

Tatizo la pili ni letu sisi wa hapa. Dodoma ipo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na kuanzia mwezi wa tano hadi mvua zirudi hewa yake ni kavu kiasi kwamba midomo hupasuka kabla hujafika kazini. Mdomo mkavu hautoi mluzi, unatoa upepo tu. Dawa ya kwanza ambayo kila mtu huikimbilia ni mafuta ya mgando, na ukiyapaka jukwaani midomo inateleza na sauti inakatika katikati. Ayapake saa moja au zaidi kabla, halafu ayafute kabisa kwa kitambaa chenye unyevu dakika kumi kabla ya kupanda. Anywe maji ya kawaida kidogokidogo mchana kutwa, kwa kuwa maji ya ghafla dakika ya mwisho yanalowesha ulimi na kuacha midomo vilevile. Asile karanga wala bisi ukumbini. Usiku wa mwezi wa sita na wa saba, baridi inapobana, avae skafu na aifunike midomo hadi zamu yake ifike, kwani midomo iliyokakamaa kwa baridi hutoka nje ya sauti ya gitaa bila mwenyewe kujua.

Kuhusu maiki, asiipulizie. Mluzi unapigwa kwa hewa nyembamba yenye kasi, na hewa hiyo ikigonga maiki moja kwa moja spika zinatoa mngurumo unaoumeza mluzi wenyewe. Maiki ikae umbali wa kiganja kimoja kutoka mdomoni, lakini pembeni, usawa wa shavu, ili sauti ipite mbele yake na hewa ipite kando. Fundi mitambo apunguze sauti nzito kwenye mkondo wa maiki hiyo hadi zikaribie kuisha. Mluzi hauna kitu chochote kule chini, na kinachobaki kule ni vishindo vya jukwaa. Spika ndogo ya jukwaani iliyo karibu na apigaye mluzi impe gitaa la ridhim kwa wingi, kwa sababu asipolisikia vizuri atapanda, na gitaa halina namna ya kumfuata.

Magitaa na kinanda

Gitaa la utangulizi lipigwe kwa kuchuna nyuzi moja baada ya nyingine, taratibu, kwa sauti safi yenye mwangwi kidogo. Wenye gitaa la mbao lisilo la umeme na wanaolitumia kwa kazi hii walitunze katika miezi ya kiangazi, kwa sababu ukavu uleule unaopasua midomo hukausha mbao: shingo inajikunja, ncha za freti zinatokeza na kukwaruza vidole, na siku moja uso wa gitaa unapasuka. Mimi huweka ndani ya sanduku la gitaa kisahani cha sabuni chenye matundu na mfuniko, ndani yake kipande cha sponji kilicholowekwa na kukamuliwa hadi kisidondoshe tone, na hukilowesha tena kila baada ya siku tatu au nne. Kwa njia hiyo gitaa langu limevuka kiangazi kadhaa bila ufa.

Mpiga solo asifanye lolote katika ubeti wa kwanza. Katika kiitikio ndipo afungue disto, ile sauti ya gitaa yenye kukwaruza, na hapo asipige kodi nzima. Apige sauti mbili tu, ile ya msingi na ya tano yake, kwa sababu sauti ya tatu ya kodi, ile inayoifanya iwe kubwa au ndogo, ikipita kwenye disto pamoja na nyingine huchafuka na kutoa uvumi usioeleweka. Acha sauti hiyo ya tatu ibebwe na kinanda na waimbaji. Mgawanyo huo ndio unaofanya roki nzito isikike pana bila kuwa na vurugu, na bendi nyingi zinazolalamika kwamba mitambo ni mibovu zingetatua nusu ya tatizo kwa kupunguza vidole.

Kinanda kitumie sauti ndefu za nyuzi, mkono mmoja, chini ya gitaa. Besi ikae kwenye sauti za msingi hadi kiitikio cha pili. Baada ya hapo inaruhusiwa kutembea.

Drams

Mpiga drams wetu ni kijana aliyekulia kwenye injili za haraka, na mikono yake haijui kupumzika. Siku ya kwanza ya mazoezi nilimwambia asiguse kitu mpaka nusu ya pili ya beti, akaniangalia kwa mshangao.

"Kaka, nikae tu hivi, mikono mapajani?"

"Kaa, mdogo wangu. Ila uhesabu."

Kuhesabu ndiyo kazi yenyewe. Wimbo una mapigo manne kwa kipimo, kwa kasi ya kama mapigo 75 kwa dakika, na kasi hiyo ni ya polepole kuliko damu ya mpiga drams aliye mbele ya watu. Bendi isiyohesabu itaanza kwa 75 na kumaliza kwa 90, na mwimbaji atajikuta anakimbizwa katika maneno yaliyotakiwa kuning'inia. Tumieni programu ya kuhesabu mapigo iliyomo kwenye simu, mpiga drams aisikilize kwa sikio moja tangu mluzi unapoanza, muda wote ambao hachezi, ili siku anayoingia awe tayari yumo ndani ya wimbo. Tulifanya zoezi moja lililotusaidia kuliko mengine yote: tulipiga utangulizi na ubeti mara kumi mfululizo, mpiga drams akiwa amekaa kimya na kugusa goti lake tu kwa kidole katika kila pigo la kwanza, na hatukumruhusu kuingia hadi kidole hicho kilipokubaliana na gitaa kutoka mwanzo hadi mwisho. Ilituchukua jioni mbili, na jioni ya tatu alipogonga sneya, ile ngoma kali ya katikati, kwa mara ya kwanza niliona nywele za mkono wangu zimesimama.

Anapoingia, aingie kwa kugonga ukingo wa sneya na hai-hati (matoazi mawili ya kukanyagia) iliyofungwa. Sneya kamili, kwenye pigo la pili na la nne, ingojee kiitikio. Mizunguko ya mikono juu ya zile ngoma nyingine za drams, ile tunayoipenda katika nyimbo zetu kwa sababu inawaambia wachezaji wajiandae, humu iwe miwili tu katika wimbo mzima: mmoja wa kuingilia kiitikio cha kwanza na mmoja wa kutoka kwenye daraja. Kama mna mpiga tumba, apumzike. Si kila wimbo una nafasi ya kila mtu.

Waitikiaji wasiingie katika kiitikio cha kwanza. Kile kiwe cha mwimbaji peke yake pamoja na vyombo, na cha pili ndicho kipate sauti ya pili juu na ya tatu chini. Waliolelewa kwenye kwaya watazipata sauti hizo haraka. Kitu pekee cha kuwakumbusha ni kuimba kwa sauti iliyonyooka, bila mtetemo wa kanisani.

Daraja, solo, na zeze

Daraja ni sehemu fupi ambayo wimbo unakunja uso. Kodi zinahamia upande wa Em, mwimbaji anapanda, na mwisho mnafika kwenye ile B kubwa niliyowaomba muishike. Kodi hiyo ina sauti isiyomo katika ngazi ya G, na sikio linaisikia kama mlango ulioachwa wazi. Msiipitie haraka. Ipeni urefu wake wote, kila mtu aishike, halafu solo ianze kutoka hapo. Solo yenyewe ipigwe kama inavyoimbika: sauti chache, ndefu, zenye kuvutwa. Mpiga gitaa anayeweza kuiimba solo yake kwa mdomo ataipiga vizuri, na yule asiyeweza bado anatafuta.

Katika daraja hilo Meine anaitaja balalaika, gitaa la Kirusi lenye nyuzi tatu na umbo la pembetatu, na kuiomba iimbe kile ambacho gitaa lake linataka kusema. Ni mwaliko wa chombo cha kwao kuongea na chombo cha kigeni, na nilipolielewa hilo nilishindwa kuupiga wimbo huu hapa Ugogoni bila kufikiria zeze. Hii ndiyo nchi ya Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo aliyezipeleka zeze na ilimba, chombo cha kupigwa kwa vidole gumba, kwenye majukwaa ya dunia, na ukitoka mjini kuelekea Chamwino bado utawakuta wazee wanaolipiga. Nilikwenda kwa mzee mmoja jirani ya ndugu zetu, nikamsabahi, nikamwomba: "Shikamoo babu, nina wimbo wa Wajerumani unaolitaka zeze lako." Akasema, "Marahaba, uniimbie kwanza." Nikamwimbia ukumbini kwake, kwenye kigoda, bila gitaa.

Wanaotaka kujaribu wajue jambo hili mapema. Ngazi ya sauti za Kigogo inafuata sauti za asili zinazozaliwa ndani ya uzi mmoja unapotetema, na ndani yake kuna sauti, ile ya saba katika mfuatano huo, ambayo iko chini kidogo kuliko sauti ya kinanda iliyo karibu nayo zaidi. Hilo si kosa la zeze. Mkimwomba mzee aifuate melodia yote kutakuwa na mikwaruzo, na mtamdhalilisha bure. Tulichofanya ni kuutega uzi wa zeze kwenye E, msingi wa Em, tukamwomba abaki kwenye sauti tatu zinazokubaliana na gitaa, na kinanda kikanyamaza kabisa katika vipimo vinne vya kabla ya solo ili upinde upate nafasi. Vipimo vinne vinatosha. Maiki ya zeze iwekwe karibu na kibuyu, kwa sababu sauti yote inatokea hapo.

Kupiga nje

Mwezi wa tisa mwaka mmoja tulialikwa kwenye mahafali upande wa Makulu, katika uwanja wa wazi, saa tisa alasiri. Ukumbini mluzi wetu ulikuwa umeshakamilika. Pale uwanjani mpiga kinanda alisogeza mdomo, akapuliza, na kilichotoka kwenye spika kilikuwa uvumi mzito wa upepo wa Dodoma, kwa sababu maiki zetu zilikuwa uchi. Wanafunzi walidhani mitambo imeharibika, fundi akashusha kila kitu, na tukaanza wimbo mkubwa kama huu kwa kuomba radhi. Sitaisahau sura ya mpiga kinanda siku ile.

Tangu hapo hatutoki bila vifuniko vya sponji kwa kila maiki, na kwa maiki ya mluzi tunaweka viwili, kimoja juu ya kingine. Jukwaa likiwa la wazi, ombeni ligeuzwe ili upepo utokee mgongoni mwenu. Katika miezi ya kiangazi hapa mjini upepo mwingi hutoka upande wa mashariki, kwa hiyo uso kuelekea magharibi ni chaguo la kuanzia, ingawa jua la alasiri litawapiga machoni. Mifuko miwili ya mchanga kwenye miguu ya kila stendi inazuia ajali. Vumbi lifutwe kwenye nyuzi na kwenye vitufe vya kinanda kabla ya wimbo huu hasa, kwa sababu mchuno wa taratibu haufichi uchafu kama mdundo wa haraka unavyouficha. Na kama ratiba inaruhusu, ombeni nafasi baada ya magharibi, upepo unapotulia.

Neno moja kuhusu haki. Kuupiga wimbo jukwaani ni jambo la kawaida na mwenye hafla au ukumbi ndiye anayepaswa kuhakikisha vibali vya muziki vipo, ila kuurekodi, au kuutungia maneno ya Kiswahili na kuusambaza, kunahitaji ridhaa ya wenye wimbo. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 isichukuliwe kuwa ya wasanii wa ndani pekee.

Kumalizia

Baada ya kiitikio cha mwisho vyombo vinaondoka kimoja baada ya kingine, na mluzi unarudi juu ya gitaa lilelile la mwanzo. Mpiga drams asipige matoazi ya kufunga. Aweke vijiti chini mapema, kwa namna ambayo watu wataiona. Mpiga ridhim achune kodi ya mwisho mara moja, aache mkono wake wa kushoto pale ulipo, na asiuinue hadi uzi uache kutetema wenyewe, jambo ambalo kwa gitaa zuri linachukua sekunde nane hadi kumi.

Sekunde hizo zinapotea mikononi mwa mshereheshaji, ambaye kwa desturi hunyakua maiki pale tu anapohisi wimbo umeisha na kupaza "Makofi kwao!" Kwa hiyo kabla ya hafla kuanza, mmoja wenu amfuate, amsalimie vizuri, na amwambie: "Kaka, wimbo wa taratibu ukifika mwisho, tunaomba usiseme kitu mpaka umwone mpiga gitaa ameinua mkono." Akikubali, mwonyesheni mpiga gitaa ni yupi, na mkubaliane ni mkono upi.